Katuni ya Mayai na Mkono wa Mama

Kazi yangu ni kuchora vitu vinavyouzwa ili mtu avielewe kabla hajavinunua. Pampu ya maji inayowashwa kwa simu, mita ya gesi, kifaa cha kumjulisha mkulima kwamba ng'ombe wake anataka dume. Mteja huniletea mashine yake pamoja na maneno mengi ya Kizungu, nami nayageuza kuwa katuni fupi isiyofika hata dakika, yenye mtu wa kichwa kikubwa na miguu myembamba anayetabasamu mpaka unatamani kumzaba kofi. Naifanyia nyumbani, Gitothua, huko Ruiru, ndani ya chumba ambacho mwenye nyumba aliniapia kuwa ni cha kulala. Watu wakiniuliza nauza nini, huwaambia siuzi chochote, naeleza tu. Nimelisema hilo mara nyingi, na siku hizi nikilisema naona haya.

Mama anakaa Makongeni, Thika, katika nyumba ile ile aliyotulelea. Mtaani anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni sauti. Yeye ndiye husoma matangazo kanisani, na akisoma kwamba akina mama wana kikao baada ya ibada, hata wanaume hubaki. L na R zake hupishana zinavyotaka na hakuna anayejali. La pili ni mkono. Kuku wa jirani akianza kuatamia, Mama huitwa aje amwekee mayai, kwa sababu mkono wake ni mzuri, na yai aliloliweka yeye halivizi. Huingia bandani bila kusema na mtu, akayapanga mojamoja chini ya kuku, akatoka, akapewa chai.

Mimi siamini mambo ya mkono. Lakini nimemwona akirudi kutoka kwa jirani amenyoosha shingo, na huyu ni mwanamke aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi bila mtu kumwambia asante. Kwa hivyo sikuwahi kumbishia.

Mteja wa mashine ya kutotoa vifaranga alikuwa mwanamume mpole mwenye haraka. Mashine yenyewe, inkubeta kama sote tulivyoiita, ilikuwa sanduku la bati lenye mlango mmoja, joto la stima ndani, na trei inayoyageuza mayai yenyewe. Alitaka isemewe na mtu mzima wa kuaminika, sio sauti ya redio. Nilimtaja Mama kabla hajamaliza sentensi.

Mama alikuja Ruiru, nikamwingiza kwenye kabati la nguo na kuning'iniza blanketi mbele ili sauti isirudi.

"Soma kama unatangaza kanisani," nikamwambia.

"Na hizi nguo ulikunja ama ulirusha tu?" akauliza kutoka gizani.

Alisoma yote mara moja bila kukosea. Nilijivunia sana. Nilimnunulia samaki wa kukaanga na nikampeleka hadi stendi mwenyewe.

Shida ilikuwa bati. Bati halionyeshi kilicho ndani, na mnunuzi anataka kuona. Katika kazi yetu, kitu kikiwa kimefungwa tunakivua ukuta: unachora nyumba kama imekatwa upande mmoja, mtu aone vyumba. Nilichora ukuta wa kioo, mteja akakataa, akisema watu watalalamika wakipelekewa bati. Basi nikafungua mlango. Katuni ilianza na mlango kufunguka, mayai yakaonekana yakiinama huku na huku, jua na mwezi vikapita juu kwa kasi kuonyesha wiki tatu, na mlango ukabaki wazi hadi vifaranga wakatoka wakicheza. Kila siku iliyopita niliipa mlio, pii, wa kuchangamsha. Katika yale maneno Mama alikuwa amesoma, "halafu funga mlango." Nilipoyaweka juu ya picha hayakukaa, maana mlango ulikuwa wazi. Nikayakata. Ilinichukua muda wa kupiga chafya, na sikufikiria lolote.

Video ilipendwa, ikazunguka kwenye simu za watu kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Kikundi cha akina mama wa kanisa la Makongeni kilichanga kikanunua mashine moja. Mwenyekiti wao, mama mcheshi anayeuza mitumba, aliniambia hawakuuliza mengi.

"Tulisikia ni mamako anaongea, tukasema hiyo ni yetu."

Ikawekwa kwa Mama, kwenye chumba tulicholala tukiwa watoto, kwani mayai yangewekwa na nani mwingine? Mama alisafiri hadi Kalimoni kwa mfugaji anayemwamini, akachagua yai mojamoja akiliinua juani. Karatasi ya maelezo iliyokuja na mashine ilikuwa ya Kizungu, ya maandishi ya kusumbua macho, na muuzaji alikuwa amewaambia wasihangaike nayo, kila kitu kiko kwenye video. Mama akayapanga mayai kwenye trei bila kusema na mtu. Wenzake walingoja nje ya chumba kama vile wangengoja nje ya banda.

Siku ya kuangua nilialikwa kama mgeni wa heshima. Kulikuwa na soda, chapati, na akina mama wamevaa sare za kikundi. Nilipofika kwenye korido nikasikia pii, pii, pii. Mlango wa mashine ulikuwa wazi, umeegemezwa stuli usijifunge.

"Unaiskia?" Mama akaniambia kwa fahari. "Haijanyamaza tangu siku ya kwanza. Inafanya kazi vile tu ulichora."

Ile mashine hulia hivyo joto likipotea. Hulia kulalamika. Mimi ndiye niliyeufanya mlio huo uwe wa furaha, kwa sababu katuni ilikuwa imepoa na ilihitaji kitu cha kuichangamsha. Niliweka kiganja juu ya yai moja. Lilikuwa baridi kama la dukani.

Mtu asije akadhani Mama ni mjinga. Amefuga kuku tangu akiwa msichana na anajua yai hutaka joto. Alinieleza baadaye kwamba ule mlango ulimshangaza kidogo. "Lakini nikasema hii ni mashine ya kisasa. Na si ni wewe ulichora? Nitajifanya najua kukuliko?" Maneno hayo nimeyabeba hadi leo, na sioni nitakapoyatua.

Tulingoja. Soda zikafunguliwa, nyimbo zikaimbwa, chapati zikaisha. Alasiri mwenyekiti akachukua mayai mawili, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akayavunja kwenye nyasi, akarudi akipangusa mikono. Yote mawili yalikuwa viza. Mmoja akasema "Woi" kwa sauti ya chini. Halafu mwenyekiti, kwa upendo kabisa, akamshika Mama begani.

"Labda mkono umechoka, mami. Umefanyia watu kazi miaka mingi."

Mama akaviangalia viganja vyake. Mimi nilikuwa na chapati mdomoni. Ningeweza kusema pale pale kwamba ni mlango, ni picha, ni mimi. Nilimfikiria mteja, nikafikiria jina langu kwa wateja wengine, nikaendelea kutafuna.

Nilirudi Gitothua nikaichora upya. Safari hii mlango ulifungwa, tena kwa mkono mkubwa uliojaa skrini nzima, na mayai yakaonekana kama vivuli nyuma ya bati. Mlio nikautoa. Mteja nilipomweleza alishtuka kweli, hakujitetea, akaweka video mpya siku hiyo hiyo na kuahidi kukipelekea kikundi mayai mengine. Lakini ile ya zamani ilikuwa imeshatoka mikononi mwetu. Hadi leo watu wa ukoo wananitumia, wakiniuliza kama nimeiona, si mchoro unafanana na wangu?

Kisha nikaenda Makongeni kumwambia Mama. Nilimkuta akichambua maharagwe, nikamweleza yote.

"Si makosa yako," akasema. "Mayai niliweka mimi."

"Mama, hata yangewekwa na askofu yangeoza. Mlango ulikuwa wazi!"

"Sawa."

Hiyo ilikuwa sawa ya kufunga mazungumzo, naijua tangu utotoni. Asubuhi iliyofuata tulikuwa uani, yeye akifagia, mimi nikijifanya namsaidia. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alipita akiwa amebeba mayai kwenye kitambaa, akaingia kwa jirani tunayetazamana naye geti kwa geti, ambaye siku zote humwita Mama kuwekea kuku wake mayai. Mama alisimamisha ufagio mpaka geti likafungwa. Kisha akafagia mahali pale pale alipokuwa ameshafagia.

Jumapili nikaomba nafasi kwenye kikao cha kikundi. Nilibeba kompyuta, nikaweka video zote mbili kando kwa kando, nikawaonyesha. Nikaeleza kwa nini sisi wachoraji hufungua vitu visivyopaswa kufunguliwa. Nikaeleza mlio. Nikawachezea hata yale maneno niliyoyakata, sauti ya Mama ikasikika ikisema "halafu funga mlango," na mwenyewe ameketi safu ya nyuma akiangalia mapaja yake. Sijawahi kueleza kitu vizuri namna ile. Jasho lilinitoka. Nilipomaliza, mwenyekiti akaanza kupiga makofi.

"Huyu mtoto amelelewa. Muone vile anatetea mamake!"

"Ngai amubariki," wakasema wengine.

"Simtetei," nikasema. "Mimi ndiye nilikosea!"

"Tumeelewa, mami. Mlango tutafunga," akaniambia mwingine kwa upole, kwani kwetu hata binti huitwa mami. "Lakini hata kuku huenda kutafuta maji akawacha mayai wazi, na hayaozi yote. Si tungepata hata kifaranga mmoja? Mkono ni mkono."

Kuku hutoka kidogo na kurudi, nikataka kumwambia, hakai nje wiki tatu. Nilimwambia, nadhani hata kwa ukali. Wakatikisa vichwa vile watu hutikisa vichwa mtoto akisema kitu kizuri. Nilikasirika, kisha nikaona aibu ya kukasirika, maana picha yangu ya uongo waliiamini bila hata kuniita, na sasa nimekuja mwenyewe na ukweli wananipigia makofi.

Mayai mapya yalipoletwa, Mama alisimama kwenye mlango wa chumba na hakuingia.

"Weka wewe," akaniambia.

"Sitaki. Ni kazi yako hiyo."

"Nisiwaharibie tena."

"Hukuharibu kitu!"

"Tafadhali," akasema.

Mama hatuombi tafadhali sisi watoto wake, hutuamuru. Nikaingia. Niliyapanga kwa hasira, nikiongea peke yangu, na katikati nikapokea simu ya mteja mmoja wa Juja, makusudi, ili ionekane kwamba hakuna siri yoyote. Nikafunga mlango wa mashine, nikaubamiza kabisa. Mama alikuwa bado pale, mikono ameificha ndani ya leso.

Wiki tatu baadaye trei ilijaa vifaranga. Walikuwa wengi hadi tukaazima katoni dukani. Akina mama walipiga vigelegele, na mimi nilipiga kelele kuliko wote, kwa sababu niliona sasa hakuna wa kubisha.

"Mmeona? Ni mlango! Niliwaambia ni mlango!"

Hakuna aliyekuwa akisikiliza habari za mlango. Walikuwa wakitazama mikono yangu. Mwenyekiti aliuchukua wa kulia, akaugeuza, akaupapasa kiganja kama anayekagua kitambaa cha mtumba.

"Kumbe ulihamia kwa mtoto," akawaambia wenzake, na wote wakaitikia kwa furaha.

Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa anapiga makofi pamoja nao.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwake. Simu yangu ikalia, na kwa kuwa nilikuwa nakanda unga nikaiweka kwa spika. Alikuwa mwenyekiti. Kuku wake ameanza kulalia, tafadhali nipitie nimwekee mayai.

"Mama yuko hapa," nikasema haraka. "Anakuja saa hii."

Mwenyekiti akakohoa upande ule.

"Kuja wewe, mami," akasema. "Yeye apumzike."

Mama alikuwa akikatakata sukuma wiki, na hakuacha. Nilikata simu. Nikamwambia siendi, mambo ya mkono ni upuzi, yeye mwenyewe anajua ni upuzi, na kwamba kwa maoni yangu mtaa mzima ungefaa kurudishwa shule. Alimaliza fungu lile la mboga, akaweka kisu chini.

"Osha mikono kwanza, usitumie sabuni ya kunukia," akasema. "Ukiingia usiongee na mtu. Mpapase kuku mgongoni mpaka atulie. Anza na makubwa, uyasukume chini ya kifua, madogo yakae kwa mabawa. Ukitoka usiangalie nyuma."

Alinifundisha yote, pole pole, kwa ile sauti ya matangazo, na nilikuwa nalia lakini alijifanya hanioni. Nikanawa mikono. Akanishikia taulo, kisha akanifungulia geti.