Damu ya Mtoto wa Punda

Jikoni kwa mama, Asembo Bay, mtoto wa punda alilala kando ya mafiga kama mgeni wa heshima. Alizaliwa dhaifu, na mama hakutaka atoke nje. Kwetu mtoto mchanga hukaa ndani siku zake za kwanza, kisha hutolewa nje rasmi. Tunaita golo nyathi. Mama aliamua kwamba hata wa punda ni mtoto, basi. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Kisumu, nikacheka mpaka akanifukuza na mwiko. Siku hizi hakuna wa kunifukuza, na natamani sana mwiko ule.

Kicheko kilikatika daktari wa mifugo alipoleta majibu ya damu aliyoipeleka maabara mjini. Kreatinini, uchafu ambao figo huuchuja, ilikuwa juu mno.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, hakungoja. "Daktari, piga yeye sindano ya kulala asiamke. Figo imekufa, na mama yake anatakiwa kubeba maji."

"Mzee, ngoja kwanza. Mtoto akizaliwa tu, hiyo kitu inaweza kuwa juu na figo ni mzima. Kesho kutwa tunapima tena. Ikikataa kushuka, hapo sasa ni sindano."

Mama alihamia jikoni. Alimkamua punda, akamnywesha mtoto kwa chupa, akamwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti yake mbovu, na sote tukasubiri mkojo. Sijui familia nyingine iliyowahi kusubiri mkojo namna ile. Ulipokuja ulimwagikia leso yake mpya, naye akapiga vigelegele hadi majirani wakadhani kuna posa.

Damu ya pili ilionyesha kreatinini imeshuka. Daktari alieleza kwamba uchafu ule ulirundikana mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, kwa sababu kondo la nyuma halikufanya kazi vizuri. Figo za mtoto zilikuwa nzima tangu mwanzo.

Nilidhani mama atashangilia tena. Aliuliza polepole, "Kwa hivyo makosa ni ya mama yake?"

"Hapana, Mama. Hakuna mwenye amekosa. Inatokea tu."

"Sema tena, huyu shemeji yangu asikie."

Kabla sijazaliwa, mama alimzika kifungua mimba wake akiwa mchanga, na baba mdogo ndiye aliyetangaza mbele ya boma letu zima kwamba damu ya mama ni mbaya. Daktari hakuyajua hayo. Alirudia tu, kwa sauti ya kusikika. Baba mdogo akatazama chini, na mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikamwona mama kwa mara ya kwanza akimlilia kaka yangu yule.