Namba ya Fatu Mnali

Wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa mizimu. Mimi ni mtu wa kompyuta, mzaliwa wa Morogoro, na jini pekee nililokuwa nikiliogopa ni umeme kukatika kabla sijahifadhi kazi. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya yalinikuta mimi, mchana kweupe.

Chama kimoja cha wakulima kiliniita Newala nikiandikie programu ya kugawa salfa, ile dawa ya kupuliza maua ya mikorosho yasiliwe na ukungu. Kila mkulima atumiwe kwenye simu namba ya siri, herufi na tarakimu nane, aende nayo ghalani achukue mifuko yake. Namba hizo habuni mtu. Kompyuta inaokota yenyewe, mara nane, kama unavyotia mkono kwenye kibuyu cha mbegu umefumba macho. Niliondoa hata herufi O na sifuri, watu wasije wakachanganya. Nilijiona fundi kwelikweli.

Sasa, daftari lao lilikuwa na majina yaliyojirudia. Jina lilelile, kijiji kilekile, shamba lilelile. Nikasema makarani hawa wamelala. Nikaiamuru programu ibakize la kwanza, ifute la pili. Nimuulize nani, wakati mtaalamu ni mimi?

Namba zikatumwa Alhamisi. Ijumaa mchana nilikuwa peke yangu ghalani Kitangari, maana mtunza ghala, Mzee Chande, alikuwa msikitini. Akaingia bibi mmoja mfupi, mdomo wa juu una tundu la ndonya, lile pambo ambalo siku hizi unaliona kwa wazee sana tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Lakini mimi sina kazi na salfa tena. Mpe wajina wangu."

"Wajina wako nani?"

"Fatu Mnali, wa Chilangala."

Nikatafuta. "Yumo, bibi. Namba yake imeshatoka."

"Huyo ni mimi. Wajina wangu umemfuta."

Nikashtuka, kwa sababu habari ya kufuta sikumwambia mtu. Lakini nikajipa moyo: aa, hawa ndio wale wanaotaka kuchukua mara mbili. Kabla sijajibu, akavuta daftari langu na kalamu, akaandika polepole, ncha ya ulimi nje: M7KD2RTH.

Nikacheka, Mungu anisamehe. "Bibi, namba hizi haziandikwi kwa mkono!"

"Maua hayasubiri," akasema, akatoka.

Nikamfuata nimpe kiti amsubiri Mzee Chande. Uwanja mtupu. Uwanja wa ghala lile ni mpana, hata kuku akivuka unamwona. Bibi alikuwa amepita wapi? Nikajiambia ni jua.

Jumatatu akaja Mama Rehema, mjane kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Simu yake haikupata kitu. Mikorosho yake imeshachanua, ukungu umeanza kuingia, na hana kingine cha kumlisha mtoto.

"Huyu ndiye Fatu Mnali," Mzee Chande akaniambia.

"Yupi?"

"Kwani wako wangapi? Bibi yake tulimzika mwaka jana. Ndiye aliyemlea, akamrithisha jina lote na nusu ya shamba angali hai. Huku kwetu jina halizikwi, mwalimu."

Jamani! Nikarudisha jina lake, nikaiambia kompyuta iokote namba mpya.

M7KD2RTH.

Sasa nielezeni ninyi, maana mimi nimeshindwa. Programu nimeikagua mstari kwa mstari. Daftari ni karatasi, halina waya. Nimeiendesha tena siku nzima, nimeiendesha wiki nzima, namba ile haijarudi.

Nikamwonyesha Mama Rehema ule ukurasa. Namba haikumshangaza. Aliweka kidole kwenye saba, ambayo ilikuwa imetazama nyuma.

"Kuandika nilimfundisha mimi," akasema. "Saba ilimshinda mpaka anakufa."

Akakaa juu ya mifuko, akalia kwa sauti. Na mimi nikalia, mtaalamu mzima. Salfa yake aliichukua siku ileile, akawahi.

Unadhani ninachokiogopa ni yule bibi? Hata kidogo. Nilikuwa nimefuta majina mengine kumi na manane. Nikakodi bodaboda, nikazunguka Chilangala, nikazunguka Mnyambe, jina kwa jina. Karibu wote walikuwa hai, wenye majina ya babu na bibi zao. Kwa mzee mmoja wa Mnyambe nilikuta maua yamekauka, meusi, mkorosho hadi mkorosho. Alinipa kigoda, akanipa na maji, na maji kule yanatekwa mbali.

"Mbona hukuja mapema, mwanangu?" akaniuliza, bila hasira.

Babu yake hakuja kuniambia.

Basi wewe unayekaa mbele ya kompyuta, ukikuta jina limejirudia, ondoa mkono. Inuka, toka nje, uliza huyu ni mjukuu wa nani. Usisubiri uje kuambiwa. Si kila marehemu ana nguvu za kutembea mpaka Kitangari.