Maneno ya Kuazima Jukwaani

Siku yangu ya kwanza kufundisha fasihi, katika sekondari moja jirani na Rulenge, Mkuu wa Idara alinikabidhi tamthilia ya zamani ya Kirusi. "Humu watu wanagombana kwa maneno ya mchezo mwingine, wa kale zaidi," alisema. "Uniambie kwa nini."

Nilihangaika na swali lile muhula mzima. Walimu tunaliita jambo hilo dokezo: mwandishi huchukua maneno yaliyokwisha semwa na kumtilia mhusika wake kinywani, bila kutaja yalikotoka. Warusi wale walikuwa hodari. Mtu akishindwa kusema linalomuuma, anaazima. Niliwasifu mno hata wanafunzi wakaniita Mrusi.

Baadaye nikahamishiwa Mugoma. Huko Oliva, binti wa kidato cha tatu, aliandika mchezo wa kupeleka kwenye mashindano Biharamulo. Mwanamke ameikimbia ndoa, yuko mlangoni kwa mama yake, na mama hataki kufungua. Badala ya kuomba radhi, anasema, "Mama, fungua, mvua imenikuta." Hayo ni maneno ya hadithi ya Wahangaza, wenyeji wa kule.

Mkuu wa Shule, mtu wa Shinyanga, alipoambiwa hivyo akakunja uso. "Kumbe amenakili! Mchezo hauendi."

Oliva alilia, nami nilikasirika kwelikweli. "Mkuu, mwizi huficha. Huyu anataka watu wayatambue. Tuucheze kwanza mbele ya wazazi."

"Wasipoyatambua?"

"Basi tusiende."

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Binti akasema maneno yake mlangoni. Mama wa jukwaani akanyamaza, kama Oliva alivyoandika. Ndipo wanawake wa viti vya nyuma wakaitikia kwa pamoja, kama wanavyoitikia hadithi nyumbani: "Ingia mwanangu, mvua haina mwenyewe." Wengine walicheka, mmoja akajifuta machozi kwa kitenge.

Mkuu akamgeukia bibi aliyeketi kando yake. "Shikamoo, bibi. Maneno hayo umefundishwa na nani?"

"Marahaba. Na mama yangu. Kwani wewe mwalimu, kwenu hamkuhadithiwa?"

"Tulihadithiwa, bibi," alijibu taratibu. Kesho yake akaniambia niandae safari ya Biharamulo.

Sasa nimestaafu, napalilia migomba yangu. Swali la Mkuu wa Idara nadhani nimelijibu, ila limenizalia jingine. Maelezo ya vitabuni hunitajia kila mchezo ambao yule mwandishi Mrusi aliuazima, lakini hakuna anayeniambia ukumbini kwake aliitikia nani. Lazima alikuwepo bibi mmoja, viti vya nyuma. Ningependa sana kumwamkia.