Alama za Koleta

Koleta wa parokiani, ukimsikia anavyogombana na gari utadhani anagombana na mtu. Alianza ufundi akiwa binti, anaosha spana kwenye gereji ya mapadri pale Nachingwea, na leo madereva wa malori ya korosho wanampigia foleni. Ana mdomo, hilo halifichiki. Lakini gari alilolitengeneza halirudi na ugonjwa uleule.

Lililokuwa likimkosesha usingizi ni la mdogo wake, Leonard: kigari cha milango miwili kilichofungwa shokapu za kuagiza, zile za kupandishwa na kushushwa kwa spana. Leonard alilikimbiza kwenye uwanja uliochongwa kwa greda katika shamba la zamani la karanga, barabara ya Ruangwa. Shokapu za namna ile ni ngumu, hazibembelezi. Mtikisiko wote unaishia kwenye boliti. Nati ikiachia kwenye kona, tairi linang'oka, na dereva ndiyo basi tena. Hofu hiyo Koleta aliishi nayo kila Jumapili ya mbio. Kwa hiyo, kila nati aliyoikaza mara ya mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake, aliichora mstari wa rangi nyekundu ya kucha, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Baada ya kila raundi anachungulia tu.

Jumapili hiyo Leonard alimaliza raundi ya kwanza akiwa anaongoza.

"Linavuta kushoto kidogo," alisema, kofia ngumu bado kichwani. "Ila linakwenda, dada."

Koleta akatandika gunia, akalala chali, akaingia chini na tochi ya simu. Chuma kilikuwa kinang'aa. Hakukuwa na mstari hata mmoja.

Akatoka polepole. "Nani kagusa huku chini?"

Mama yao, Dionisia, aliyekaa pembeni na rozari yake, akajibu bila wasiwasi. "Nimepasugua mimi jana ulipokwenda kuoga. Brashi ya waya na mafuta ya taa. Padri angelibarikije gari lina uchafu ule?"

Maskini mama wa watu, alidhani atashukuriwa.

"Umezifuta alama zangu, mama," Koleta alifoka. "Unataka kumzika mwanao?" Watu waligeuka. Bi Dionisia akainamisha kichwa, akaomba radhi mbele ya umati, na Koleta, kwa hasira aliyokuwa nayo, akampa mgongo.

Kipaza sauti kikaita raundi ya pili. Leonard akashika mlango. "Gari limebarikiwa, mama kaniombea, wewe umekaza. Nini tena?"

Koleta akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akarudi chini. Huko nje wanapiga honi, Leonard anapiga bodi kwa kiganja. Nati ya kwanza imebana. Ya pili imebana. Akaanza kujiona mjinga, anayemnyima mdogo wake ushindi kwa wasiwasi wake mwenyewe. Akahamia upande wa kushoto, akashika nati ya ule mkono wa chini unaoshikilia tairi. Haikuhitaji spana. Ilizunguka kwa vidole, ikamwangukia kiganjani.

Hapo akakumbuka. Jana aliifunga kwa mkono gari likiwa juu ya jeki, aje aikaze likishuka. Likashuka, kengele ya kanisa ikagonga, akakimbilia kuoga. Nati hii haikuwahi kuchorwa. Hapa mama hakufuta kitu, na hakuna mwingine anayelijua hilo.

Alipotoka, Leonard aliiona nati mkononi mwake, akamgeukia Dionisia. "Umeona, mama? Umeona ulichofanya?"

"Mwache," Koleta alisema. "Mama kafuta rangi tu. Hii sikuikaza. Niliisahau mimi."

Leonard akamtazama dada yake, kisha tairi. "Kwa hiyo raundi ile yote..."

"Yote."

Kipaza sauti kilimwita tena kwa jina. Leonard akavua kofia, akakaa chini kwenye vumbi. Koleta hakuweza kumwangalia. Akaenda alikokuwa mama yake, akapiga magoti na ovaroli lake la grisi, mbele ya watu walewale.