Niliitikia Jina la Mkurugenzi, Mahindi ya Watu Yakafyekwa

Kosa ni langu, sitamsingizia shetani.

"Huyu? Hata baiskeli inamshinda, ati akasomee mambo ya ndege!" Ndivyo walivyonicheka kijijini kwetu Sirisia nilipoenda ng'ambo miaka ya themanini. Nikarudi na diploma ya usimamizi wa usafiri wa anga. Nilivaa tai hata nikikamua ng'ombe!

Nikapata kazi Nairobi, katika ofisi ya mkurugenzi mkuu wa usafiri wa ndege. Kazi gani? Kufungua barua zake na kuzipanga kwenye faili. Lakini nyumbani waliponiita Mkurugenzi, niliitikia. Tena kwa sauti nzito!

Jumapili moja baada ya ibada, mjomba wangu, Khocha Wafula, aliniuliza mbele ya watu, "Mkurugenzi, si utuletee ndege ya daktari? Wagonjwa wetu wanateseka njiani, bana."

Ningesema nitauliza. Wapi! "Ruhusa natoa mimi," nikajibu. "Nyinyi tayarisheni uwanja tu."

Nikarudi Nairobi, nikasahau. Wao hawakusahau. Familia nne zilifyeka mahindi yaliyokwisha kubeba, zikasawazisha shamba, zikaandika barua: "Kwa Mkurugenzi, mtoto wetu. Uwanja uko tayari."

Nani aliifungua? Mimi! Nikampelekea mkubwa mbio, nikidhani atatia sahihi aniokoe.

"Mtoto wao ni nani?" akauliza.

Nikainua mkono kama wa darasa la kwanza.

"Kijana, hata mimi mwenye kiti hiki siwezi kuruhusu ndege itue mahali wakaguzi hawajapima. Siku nyingi kazi yangu ni kukataa. Nenda ukawaambie mwenyewe."

Nilienda. Hakuna aliyenipiga. Afadhali wangenipiga! Khocha alitazama lile shamba tupu, akaniuliza polepole, "Sasa watoto watakula diploma?"

Nilikodi shamba Kitale. Likizo zangu zote nililima, misimu miwili, mwenye diploma na jembe lake! Nikawarudishia gunia baada ya gunia.

Wewe unayeitwa bosi kijijini, na unajua unachofanya ofisini, kanusha leo. Kanusha kabla hawajashika panga!

Wa mwisho kulipwa alikuwa mama mjane, Mayi Nekesa. Nilibeba gunia lake la kwanza mgongoni, bila tai, kutoka barabarani hadi ghalani. Alilipapasa, akafungua kamba, akatafuna punje moja kuona kama mahindi yamekauka.

"Yamekauka," akasema. "Lete na lile lingine, Mkurugenzi."