Hewa Iliyobaki Ndani

Kosa langu lilikuwa kumwambia nkambo avute pumzi. Bibi yangu huyo alikuwa amepika maisha yote ndani ya nyumba, akiinamia mbabula yake ya makaa, na moshi ulikuwa umemchakaza mapafu. Alipobanwa kifua siku hiyo, nilimshika mabega nikamhesabia: "Vuta, nkambo. Vuta tena." Nilitaka afuate hesabu yangu bila kukosea. Midomo yake ikageuka rangi ya majivu.

Jirani yetu muuguzi aliingia, akanisogeza. "Unamumaliza. Hewa imejaa mule ndani, inakosa kutoka. Mama, vuta kidogo na pua, kisha puliza polepole, sawa vile unawasha mbabula."

Nkambo alikunja midomo, akapuliza taratibu, tena na tena, mpaka mabega yakashuka.

"Weye mwalimu," akaniambia, "utaniua na hesabu yako."

Wote wawili walicheka. Mimi sikuweza.

Leo harufu ya makaa ya jirani imeingia dirishani, nikajikuta nimekunja midomo, napuliza. Sihesabu tena. Mbabula ya nkambo ninayo mimi sasa, na siiwashi ndani ya nyumba.