Niliomba Uwe Ugonjwa wa Zamani

Huku Kabras kila kinachowasha husingiziwa miwa. Mtu akijikuna shingoni, ni manyoya ya majani ya miwa. Mtoto akitoka vipele, ni nguo zilizoanikwa karibu na miwa. Na mimi nilipotoka malengelenge mahali ambapo mwanamke hamwonyeshi mtu, mama mkwe wangu hakuhitaji hata kuona.

"Ulijisaidia huko shambani wakati wa kupalilia," aliniambia. "Inachomanga hivyo. Sisi wote ilituchoma."

Ni kweli nilikuwa nimepalilia, mimba ya miezi minane ikinitangulia kati ya mistari, na ni kweli nilichuchumaa humo. Basi nikaamini. Akatwanga majani yake machungu, akayachanganya na majivu, akanipa kwenye kikombe huku ameangalia pembeni, maana mkwe na mkwe hawaongei mambo ya chini. Nilipaka nikiuma leso. Homa ikanishika, kinena kikavimba, kukojoa kukawa adhabu. Mume wangu, ambaye huendesha trekta la miwa na kulala huko kiwanda cha sukari foleni ikiwa ndefu, alikuja akaniona natembea kama bata, akacheka. Sikumjibu. Ningemjibu, tungeachana siku hiyo.

Siku ya kliniki nilikwenda hospitalini Kakamega nikiwa nimeazimia kupimwa tumbo tu. Nesi aliponiambia nivue, nikamwambia huko chini hakuna shida.

"Mama, mficha uchi hazai," alisema. "Na wewe tayari uko karibu kuzaa. Unaficha nini?"

Nikapanda kitandani, nikatazama dari. Nesi aliyekuwa akinitania akainama kuangalia vizuri.

"Ulipaka nini hapa?"

Nikamweleza habari ya miwa na dawa ya mama mkwe. Hakucheka. Akaenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alivuta taa, akaangalia kwa muda, akasema anashuku herpesi, ugonjwa wa virusi unaoambukizwa kitandani. Alitaka apanguse majimaji ya lengelenge bichi kwa pamba ayapeleke maabara, lakini lengelenge bichi sikuwa nalo hata moja. Majivu yalikuwa yamekausha yote, yamebaki magamba ya kijani. Alipangusa hivyohivyo, akanionya kwamba huenda pamba ile isiseme kitu. Kisha akanitoa damu.

"Wewe mwenyewe utapona, nitakupa vidonge," alisema. "Mtoto ndiye namhofia. Akipitia kwenye vidonda wakati wa kuzaliwa, ugonjwa unaweza kumpanda kwenye ubongo."

Nikamuuliza kama mtoto atakufa. Hakunidanganya, na nilimchukia kwa hilo.

Alinieleza polepole. Kama virusi vimeniingia juzijuzi, damu yangu haijapata muda wa kutengeneza kinga, kwa hiyo mtoto hana alichopewa, na itabidi nipasuliwe. Kama ni vya zamani, vilivyokuwa vimelala vikaamka, basi kinga ninayo na mtoto amekwisha kuipata tumboni, na hatari ni ndogo sana. Damu ndiyo ingesema. Uchungu ukinijia kabla ya majibu, nisithubutu kuzalia nyumbani.

"Na vikiwa vya zamani," nikauliza, "vilitoka wapi?"

"Kwako au kwa mumeo. Wengi wanavyo na hawajui. Hakuna kipimo kitakachokwambia ni nani alianza."

Njiani kurudi nilikuwa na hasira za kutosha kuchoma shamba zima. Ikiwa ni juzijuzi, nilijua vilikotoka: huko kwenye foleni za kiwandani, kwa wale wanawake wanaowapikia madereva chai. Nilitamani damu yangu imkamate mume wangu. Nilipanga hadi maneno, na mahali nitakaposimama nikiyasema. Halafu mtoto akanipiga teke chini ya mbavu, nikakumbuka kwamba majibu hayohayo ya kumkamata baba yake ndiyo ya kumuua yeye.

Nikaogopa vibaya. Siku zile tumbo likikaza kidogo tu, nilidhani ni uchungu umeanza. Mama mkwe alileta kikombe kingine, nikakimwaga mbele yake, jambo ambalo mke wa mtu hafanyi. Kanisani akina mama walipoweka mikono juu ya tumbo langu na kuniombea uzazi mwema, mimi niliomba langu kimoyomoyo: ugonjwa uwe wa zamani. Nilijua ninachoomba. Kabla ya mume wangu nilikuwa na mwanamume mwingine, na ukweni hawana haja ya maabara kuamua zamani ni ya nani. Niliomba hivyohivyo.

Siku ya majibu mume wangu alinisindikiza, ila alibaki nje kwenye benchi. Pamba haikusema kitu, kama daktari alivyohofu. Damu ilisema: ni wa zamani. Nililia hadi nesi akanishika bega.

Nje nilimwambia mume wangu ni ugonjwa gani, na kwamba ni wa zamani, mtoto ana kinga. Alisaga jani chini ya kiatu.

"Zamani ya nani?"

Jibu la daktari, kwamba hakuna kipimo cha kujua nani alianza, lilikuwa mdomoni. Lakini nilimjua huyu mtu. Ningelitoa, tungegombana, angehamia kiwandani, na uchungu ungenikuta peke yangu na mama yake na kikombe chake.

"Yangu," nikasema.

Uchungu ulipokuja, alinikimbiza hospitalini. Daktari alinikagua kila mahali, mimi nikiwa nimeshika chuma cha kitanda, nikimtazama uso wake na si kitu kingine. Akasema pako safi, nisukume. Binti yangu alilia kabla miguu haijatoka.

Kwa majuma mengi nilimvua nguo kila asubuhi nikitafuta lengelenge moja kwenye ngozi yake. Sikuliona. Ukweni wanajua kwamba mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa kwenye boma lao. Mama mkwe humbeba mjukuu wake mchana kutwa, mimi hunikalia mbali. Na anikalie.